Hakimu wa Mti ni Nani?

Panapotajwa uchongaji wa miti katika Afrika ya Mashariki, fikra za watu wa pwani aghalabu hukimbilia mahali pawili: kwenye milango ya Unguja na Lamu, na kwenye vinyago vya mpingo vya Wamakonde. Hapo hutua, na hapo hulala. Kwamba iko nchi upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria ambako gogo huchongwa likabeba utenzi, ni habari ambayo haijafika forodhani. Nchi hiyo ni Karagwe ya kale, ufalme uliokuwa na makao yake Bweranyange, na ambayo leo imegawika wilaya mbili za mkoa wa Kagera: Karagwe yenyewe, yenye makao yake Kayanga, na Kyerwa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, inayopakana na Uganda na Rwanda kwa mto Kagera.

Rai ya kuwafanyia mashindano wachongaji wa ridhaa wa wilaya hizi mbili ni rai njema, na mpenzi wa ushairi ana sababu zaidi ya moja ya kuiunga mkono. Lakini rai njema si mara moja wala mbili kuharibikia mikononi mwa waandalizi. Sura ya mashindano ya namna hii inajulikana kabla hayajafanyika. Patakuwa na hema, kipaza sauti na mgeni rasmi atakayechelewa. Patakuwa na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe, na juu yake kigoda chenye umbo la ramani ya Afrika, simba mwenye meno makubwa kupita kichwa chake, na fremu ya picha iliyopakwa vanishi mpaka inamulika. Majaji watatu watapita na karatasi zao, watagusa hiki na kile kwa ncha ya kidole, wataandika. Jioni patatolewa vyeti. Mshindi ataulizwa atauza kwa shilingi ngapi.

Katika yote hayo hakuna hata mmoja aliyeuliza chombo kile kinafanya kazi gani.

Watu wa visiwani wanapaswa kuwa wa kwanza kuliona kosa hili, kwa kuwa wao wana kipimo bora zaidi na wamekuwa nacho tangu na tangu. Fundi wa ngalawa hapeleki ngalawa yake mezani. Ataukata mwembe, atauchonga kwa shoka na tezo, ataufunga na kuutia tanga, kisha chombo kitashushwa majini siku ya mashindano, na bahari itasema. Ikiwa ubavu mmoja ni mzito, hakuna vanishi itakayouficha. Lamu wakati wa Maulidi majahazi hushindanishwa hivyo hivyo, na hajapata kutokea mtu akadai kwamba jahazi lililofika mwisho lilistahili kombe kwa uzuri wa rangi. Kwa nini basi mtu wa bara akichonga apimwe kwa macho ya mnunuzi, ilhali wa pwani hupimwa kwa upepo?

Yako mambo matatu ya kugombana nayo hapa: neno, chombo, na mti wenyewe.

Neno kwanza. Ridhaa limezoeleka viwanjani, kwenye ndondi na kandanda, likiwa na maana ya mtu achezaye bila ujira. Waandalizi wa mashindano hulichukua na kulifanya uzio: asiyepata malipo aingie, aliyewahi kulipwa akae nje. Kanuni hiyo huenda ikafaa mjini, ambako seremala ni seremala na karani ni karani. Karagwe na Kyerwa haishiki. Mtu wa huko ana migomba yake na mibuni yake, ana maharage, ana mbuzi wawili watatu. Mvua ikimfungia nyumbani, anatwaa kipande cha mti na kisu. Jirani akiona kinu kimekwisha kuvutia, atakiomba, naye hatakichukua mikono mitupu. Atatoa kuku, au debe la maharage, au siku moja ya kupalilia. Je, huyo amelipwa? Akifukuzwa mlangoni kwa sababu ya kuku, mashindano yatabaki na nani? Yatabaki na walimu wa skuli na wafanyakazi wa ofisi walionunua patasi mwezi uliopita, ambao si watu wabaya, lakini si wao waliobeba sanaa hii. Maana ya asili ya neno ni kuridhia. Wa ridhaa ni yule anayechonga kwa kuwa nafsi yake imependa, awe amepata kuku au hakupata. Na aliye nje ya ridhaa ni yule ambaye asipochonga leo watoto wake hawali. Mpaka upitishwe hapo.

Chombo pili, na hapa ndipo penye shina la maneno yote.

Vyombo vya mti vya Wanyambo na majirani zao Wahaya ni vingi, na karibu kila kimoja kina hakimu wake aliyezaliwa nacho. Upo mtumbwi wa kukamulia ndizi, gogo refu lililofukuliwa ndani, ambamo ndizi zilizoivishwa husagwa kwa miguu na nyasi, maji yakaongezwa, mtama ukatiwa, kisha kikafunikwa kwa majani ya mgomba ili pombe ya rubisi ichachuke. Kihaya hukiita obwato, neno lile lile la chombo cha kuvukia maji. Mtu wa pwani atakitazama akacheka: ngalawa isiyokwenda popote! Lakini sheria yake ni ile ile ya ngalawa, imegeuzwa tu. Ya pwani isiruhusu maji kuingia, ya bara isiruhusu kutoka. Hakimu wake ni mpika pombe, na hukumu hutolewa asubuhi ya pili. Kipo chombo cha maziwa, ekyanzi, ambacho mdomo wake ukichongwa mpana kupita kiasi maziwa humwagika, na ukiwa mwembamba kupita kiasi hakisafishiki wala hakifukiziki. Speke alipofika Karagwe mwaka 1861 na kukaribishwa na mfalme Rumanyika, alistaajabu kwa wanawake wa jamaa ya kifalme walionenepeshwa kwa maziwa, hata mmoja akampima mkono, kifua na paja, na vipimo akavitia kitabuni. Laiti angevipima na vyombo vya maziwa! Kipo kinu, ambacho mwanamume hukichonga na mwanamke hukihukumu kila siku ya Mungu. Na bado katika meza za majaji huwezi kumkuta mwanamke aliyewahi kutwanga.

Juu ya vyote hivyo iko enanga.

Msomaji aliyezoea taarabu na amfikirie mpiga ganuni aliyekilaza chombo mapajani. Enanga nayo hulazwa hivyo, ila ni nyepesi na ya kimasikini zaidi. Ni ubao mmoja uliofukuliwa ukawa kama sinia refu lisilo na kina, wenye meno katika ncha zake mbili, na uzi mmoja mrefu hupitishwa kwenye meno hayo kwenda na kurudi mpaka zikapatikana nyuzi saba au nane. Zamani uzi ulitoka katika kano za ng'ombe. Siku hizi nailoni hutumika, na si haki kumlaumu mtu kwa hilo. Jina lisimpoteze msomaji: Waganda nao wana ennanga, lakini yao ni kinubi chenye shingo iliyopinda, chombo kingine kabisa, inanga ya Rwanda na Burundi ndiyo ndugu wa kweli wa hii ya Karagwe. James Grant, mwenzake Speke, ambaye maradhi ya mguu yalimzuia Karagwe wakati mwenzake alipokwenda Buganda mwanzoni mwa 1862, aliisikia na kuieleza katika kitabu chake cha 1864. Aliyekwama kitandani alisikia vizuri kuliko aliyekuwa na haraka ya kufika chanzo cha Nili.

Kinachoimbwa juu ya enanga ni tendi. Mugyabuso Mulokozi, mwana wa Kagera na mshairi wa Kiswahili, alizikusanya tendi hizo na kuzichambua. Makala yake ya 1983 iliuliza kama wapiga nanga wa Tanzania ni watunzi wa tendi kweli kweli, na jibu lake lilikuwa ndiyo, wakati ambapo wapo wataalamu wa Ulaya waliokwisha kuandika kwamba Afrika haina utendi. Wapenzi wa ushairi wa pwani wanamkumbuka mtu huyu kwa jambo jingine, na wengine hawajamsamehe. Katika ule mzozo mkubwa wa miaka ya 1970, uliowashwa kwa sehemu kubwa na Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, Mulokozi pamoja na K. K. Kahigi walisimama upande wa wale waliosema kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi wote wa Kiswahili. Malenga wa pwani waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: pasipo vina wala mizani, ni nini basi kinachoushika ubeti usimwagike?

Swali hilo halikujibiwa vya kutosha na vitabu. Jibu lake moja lipo Karagwe, nalo ni la mti. Utendi wa enanga hauhesabu silabi kama utenzi wa pwani, wala haufungwi kwa kina cha mwisho. Pumzi ya mwimbaji hurefuka na kufupika, na chini yake nyuzi hurudi na kurudi, zikimwekea mahali pa kutua na pa kuanza upya. Mizani imehamishwa kutoka kinywani ikatiwa katika ubao. Ubao ukiwa mzito kupita kiasi, sauti hufa kabla mwimbaji hajamaliza neno. Ukichongwa mwembamba pasipostahili, hupasuka au hulia kama debe. Aliyechonga vibaya amevunja mizani ya mashairi ambayo hata hayajatungwa. Kwa hiyo mashindano ya wachonga miti katika wilaya hizi yasipoitia enanga, au yakiitia kama pambo la ukutani, yatakuwa sawa na mashindano ya ushairi ambamo jaji hutazama uzuri wa hati na rangi ya wino. (Na mashindano kama hayo ya ushairi, yenye majaji wa kuhesabu silabi kwa ncha ya kalamu bila kulisikia shairi likighaniwa, pwani haikosi kuyajua.)

Hakimu wa enanga ni mwimbaji. Zitoke mikononi mwa wachongaji, zitiwe nyuzi za aina moja ili asiwepo atakayesingizia uzi, kisha wapigaji wakae nazo mchana mzima mbele ya watu. Kila chombo kiimbiwe utendi, kisehemu cha Kachwenyanja au cha Rukiza, au utungo mpya wa mwimbaji mwenyewe. Mpigaji asijue ni ya nani. Mwishoni aulizwe jambo moja tu: ipi atakayotaka kurudi nayo nyumbani?

Wapo watakaosema kwamba hii ni kazi ya wazee, kwamba kijana wa Omurushaka au Nkwenda anataka gitaa na kinanda cha umeme, na kwamba kuyafunga mashindano kwenye chombo cha kale ni kuyaua kabla ya kuzaliwa. Hoja hii si ya kupuuzwa, ila inasahau mambo mawili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli aliimba kwa Kihaya, akasikilizwa mpaka visiwani na watu wasiojua neno moja la lugha hiyo. Mahadhi ya Kagera hayakuwa mzigo kwake, ndiyo yaliyombeba. Na pili, hakuna aliyesema enanga isibadilike. Kijana akitaka kuipa nyuzi kumi, na aipe. Akitaka kuitoboa tundu la sauti kama gitaa, au kuichonga kwa mbao mbili zilizounganishwa, na ajaribu, mradi iimbiwe. Wala binti asiambiwe kwamba tezo si lake.

Wengine watasema kwamba kutaja vyombo vya Wanyambo na Wahaya katika mashindano ya wilaya ni kuleta ukabila, kwa kuwa katika wilaya hizo wamehamia watu wa kila upande. Hao hawajawahi kulalamika kwamba mlango wa Unguja una ukabila. Mhamiaji aliyekuja na kinu cha kwao, au marimba ya kwao, na akilete; kitapata hakimu wa kwao.

Umetajwa mti, na hapo waandalizi hukaa kimya kabisa. Mchongaji wa ridhaa atautoa wapi? Mwaka 2019 yaliyokuwa mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalifanywa hifadhi za taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Jina la mfalme aliyesikiliza enanga sasa liko juu ya msitu ambao mtu haruhusiwi kukata tawi. Uamuzi wa kuhifadhi si wa kulaumiwa. Misitu ya huko ilikuwa hatarini, na vilima vikivuliwa nguo hata migomba hunyauka. Chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, miti kama mvule imewekewa ulinzi na haikatwi bila kibali. Hayo nayo ni sawa. Tatizo ni kwamba mwenye kiwanda cha mbao ana karani wa kumfuatilia vibali na hati za kusafirishia, na mtu aliyetaka ubao mmoja wa kupigia utendi hana. Mashindano yasiyolitazama jambo hili yatamwalika mtu aje na mti wa wizi, au yatamwalika mwenye fedha peke yake.

Bahati ni kwamba miti ipo mashambani. Katika wilaya hizi mbili uliendeshwa mradi wa Emiti Nibwo Bulora, jina linalosema kwamba miti ndiyo uhai, chini ya Vi Agroforestry. Wakulima wadogo walipanda miti katika mashamba yao na kulipwa kwa kaboni iliyohifadhiwa humo. Mhumula, mshambya na mgrivea husimama leo kati ya migomba na kwenye mipaka ya mashamba. Mti umepimwa unene, umehesabiwa tani, umewekewa bei na watu walio mbali ambao hawatauona. Hakuna aliyeugonga kwa kifundo cha kidole kuusikia unavyolia. Mashindano yangeweza kufanya kazi hiyo: kila mchongaji alete kazi ya mti aliouotesha mwenyewe au aliopewa na jirani, aseme ni mti gani na ulikatwa lini, na baada ya miaka michache ikajulikana ni upi kati ya miti ya shambani unaoimba na upi ni wa kuni. Kaskazini mwa Uganda waliamka wamechelewa. Muziki wa zeze la Wamadi ulipoingizwa mwaka 2016 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, mojawapo ya sababu zilizotajwa ni kwamba mimea na wanyama wa kutengenezea chombo hicho walikuwa karibu kutoweka. Karagwe na Kyerwa bado zina miti. Hazina kisingizio.

Lipo jambo dogo ambalo mfasiri hataliona kuwa dogo. Kila sehemu ya enanga, ya obwato na ya ekyanzi ina jina lake, na majina hayo hayamo yote vitabuni. Josephat Rugemalira alitoa msamiati wa Kinyambo kwa Kiswahili na Kiingereza mwaka 2002, kazi ya kushukuriwa sana, lakini msamiati mmoja hauwezi kuingia katika kila karakana. Siku ya mashindano akae mtu mmoja na daftari, kila mchongaji aulizwe: hili unaliitaje, na jino hili, na mgongo huu, na kisu hiki kilichopinda? Gharama yake ni daftari moja na kalamu. Tanzania Bara, baada ya kusema ufundi stadi kwa miaka mingi, sasa imelipokea neno la Zanzibar na kufungua mkondo wa amali katika shule zake za sekondari; itakuwa ajabu kama wanafunzi wa amali wa Kayanga watajifunza majina ya kila aina ya randa ya Uingereza wasijue jina la meno ya enanga.

Kuhusu tuzo, waandalizi wasiangaike na makombe ya plastiki yenye rangi ya dhahabu. Kagera ni nchi ya chuma. Wachimbuaji wa mambo ya kale wameonesha kwamba chuma kilifuliwa huko miaka ipatayo elfu mbili iliyopita, na miongoni mwa alama za ufalme wa Karagwe zilikuwamo fuawe na ng'ombe wa chuma. Chuma kimedumu kwa hiyo kimeandikwa. Mti umeoza kwa hiyo umesahauliwa, ingawa hakuna mkuki usio na mpini. Mshindi na apewe bapa la tezo lililofuliwa na mhunzi wa hapo hapo, na mhunzi atajwe kwa jina jukwaani. Wa pili apewe shoka. Wa tatu, kisu cha kufukulia. Mwaka unaofuata watarudi nazo, na hapo mhunzi naye atakuwa amehukumiwa.

Yote haya yanaweza kufanywa na afisa utamaduni mmoja mwenye nia, redio ya jamii ya hapo, na uwanja wenye kivuli. Kisichowezekana ni haraka. Tangazo likitolewa wiki mbili kabla ya siku yenyewe, kama ilivyo desturi ya matangazo haya, mchongaji atakata mti mbichi Jumatatu, ataufukua Jumatano, ataupaka vanishi Ijumaa ili usionekane ubichi wake, na kabla utendi haujafika nusu ubao utapasuka mapajani mwa mwimbaji. Tangazo litoke mwaka mzima kabla, mvua za masika zikiisha, ili mti ukatwe, ufukuliwe nusu, ulazwe kivulini juu ya dari ya jikoni penye moshi, na uachwe huko mpaka kahawa ya mwaka wa pili ianze kuiva.